Deki ya mama, kompyuta ya XP na kesi ya cherehani

Kwetu Tanga kuna kesi ambayo imewapita umri wapwa zangu karibu wote. Shangazi anasema siku ya harusi ya dada, Desemba 1996, yeye alitoa cherehani. Mama anasema cherehani ipi, wifi alikuja na doti moja ya kanga kaitumbukiza kwenye boksi kubwa ili ukumbi mzima uone boksi. Dada mwenyewe ukimuuliza anakwambia zawadi zilikuwa nyingi na yeye siku ile alikuwa ameinamisha kichwa kama bibi harusi anavyotakiwa, kwa hiyo msimtie kwenye mambo yenu. Imeenda hivyo miaka na miaka, kila Idi lazima iguswe, mara nyingi pilau likishaliwa na watu wameegemea mito.

Sasa Idi iliyopita mama akasema neno moja tu, "Si mkanda upo?" Sebule nzima ikanigeukia mimi.

Mimi si fundi wa video jamani. Nina steshenari hapa Dar, nachapa, natoa kopi, napiga picha za pasipoti, lakini kwenye familia ukishamiliki printa basi wewe ndo mtu wa kompyuta na kila chenye waya ni chako. Mama akaingia chumbani akatoka na mfuko wa rambo una mikanda kumi na miwili ya VHS, halafu akarudi tena akatoka na deki yenyewe imeviringishwa kwenye kanga kuukuu kama mtoto mchanga. Nikapanda nayo basi mpaka Dar nimeipakata, kwenye buti sikuiamini.

Vijana niwaambie kidogo, deki ni ile mashine ya kuchezea mikanda ya video na ilikuwa na heshima yake, maana huku Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, wenzetu Zanzibar walishaona TV ya rangi tangu miaka ya 70 huko sisi tuko na redio. Kwa hiyo nyumba iliyokuwa na TV kabla ya hapo, ile TV ilikuwa ni mtumishi wa deki tu, deki ikiharibika TV inageuka meza ya kuwekea kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki. Leo hata ukiwa na hela huipati mpya, kampuni ya mwisho kuzitengeneza, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016. Ukiwa nayo nyumbani usimpe mtoto achezee.

Kitu cha kwanza nilichofanya, na hapa najisifu kidogo, sikuingiza mkanda wa harusi. Nilikaa na mikanda yote juani kwanza, sio kuianika, kuikagua tu. Kaseti ya VHS ina kidirisha, ukiiinamisha kwenye mwanga unaona utepe ulivyojiviringisha, na kama kuna unga mweupe kwenye kingo huo ni ukungu, na ukiingiza mkanda wenye ukungu unachafua vichwa vya deki, vile vinavyosoma utepe, na kila mkanda utakaofuata unagawiwa maradhi. Pwani unyevu ni mwingi, minne kati ya kumi na miwili ilikuwa na huo unga, nikaitenga. Ile miwili ya harusi ilikuwa misafi kabisa kwa sababu mama aliiweka kwenye sanduku la nguo zake nzuri, mpaka leo inanukia udi. Kwenye mmoja, ulioandikwa kwa maka peni HARUSI MWENDELEZO, niliona mgongoni pale kwenye kona kuna kipande cha seloteipu kimegeuka njano, nikakigusa nikaona kimeshika vizuri nikakiacha, nikadhani kuna mtu alikuwa anaziba ufa. Kumbukeni hiyo seloteipu.

Deki nikaifungua, skrubu chache tu. Ndani kulikuwa na vumbi, mayai ya mende na shilingi ya sarafu, ile ya enzi hizo, sijui nani aliidhani ni benki. Mpira wa kuzungushia ulikuwa umelegea kama lastiki ya soksi, kwa hiyo nikaenda nayo Kariakoo kwa mzee mmoja ambaye kibanda chake kimejaa redio zilizokufa. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua macho, akaichungulia deki akasema, "Hii nzima hii, ina njaa tu." Akabadilisha mpira, akanichaji elfu nane, halafu akanifundisha kusafisha vichwa kitu ambacho ningeenda kukifanya vibaya kabisa. Mimi nilikuja na vijiti vya masikioni. Akanipokonya. Nyuzi za pamba zinanasa kwenye kichwa na kichwa chenyewe ni kadude kadogo mno kamekaa kwenye ubavu wa lile dungu, yani ngoma ya chuma inayozunguka na kung'aa, ukikavuta kameondoka. Alichukua karatasi nyeupe ya kawaida ya kutolea kopi, akaikunja, akailowesha spiriti, akaibandika kwenye lile dungu akiishikilia tuli, halafu kwa mkono wa pili akalizungusha dungu taratibu. Karatasi ndo imetulia, dungu ndo linatembea. Usisugue juu chini hata siku moja. Karatasi ikatoka na mistari ya kahawia, akanionyesha kama daktari anavyokuonyesha kitu alichokutoa sikioni.

Lile dungu likiwa kazini linazunguka mara 1,500 kwa dakika, huku utepe unapita pole pole umelizunguka kimshazari, mwendo wa sentimita mbili na ushee kwa sekunde. Ukiwaza hivyo unashangaa ilikuwaje hivi vitu vikafanya kazi kwenye vibanda vya video vyenye vumbi vile.

Basi nikarudi dukani, nikaijaribu na mkanda wa mieleka ambao hakuna mtu angeulilia. Ukacheza. Chenga kidogo chini ya picha, nikabonyeza trakingi ikatulia. Nikasema kazi imeisha hii, kumbe nilikuwa bado sijaanza.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa laptopu. Nina laptopu nzuri ya juzi juzi, nikanunua kale kadude ka USB ka kukapchia video, yani kuirekodi kutoka kwenye deki iingie kwenye kompyuta, kana mdomo wa njano, mweupe na mwekundu, bei yake ni ya chakula cha mchana cha watu wawili. Kamekuja na draiva, ile programu ya kukatambulisha kwa kompyuta, kwenye kasidii kadogo kale ka kipenyo cha kikombe. Laptopu haina pa kuweka sidii. Nikatafuta draiva mtandaoni, ndani ya hivi vidude kuna chipu za aina nne tano tofauti na nje vyote vinafanana kama mayai, kwa hiyo unashusha draiva ya huyu kumbe wewe unaye yule. Ya tatu ndo ikalingana na kadude, ila Windows ikaikataa, ikasema haiiamini. Nikazima huko kunakozimwa, nikawasha upya, nikapata picha. Nyeusi na nyeupe. Halafu inapanda juu kama lifti.

Hiyo ya nyeusi na nyeupe nilihangaika nayo siku mbili kabla ya kugundua ni upumbavu. Kanda zetu ni za mfumo wa PAL, mistari 625 na picha 25 kwa sekunde, na ile programu ilijiwekea mfumo wa NTSC wa Wamarekani, mistari 525 na picha karibu 30. Mashine inasoma lugha siyo, rangi inaipotezea na picha haikai. Ukikutana na rangi kupotea kabla hujalaumu waya angalia hapo kwanza. Nikabadilisha, rangi ikaja, dakika ya tatu laptopu ikaganda mpaka nikaizima kwa kubonyeza batani muda mrefu. Nikawasha, ikaganda tena. Mara ya nne nikakafungia kale kadude kwenye droo.

Hapo ndo nikakumbuka stoo.

Stoo nina kompyuta ya mezani niliyofungulia duka. Pentium 4, ramu giga moja, Windows XP, monita ile ya mgongo mkubwa ambayo ukiibeba unajua umebeba. Microsoft waliacha kuihudumia XP Aprili 2014 na mimi tangu hapo sijaipeleka kwenye intaneti, ilikuwa inanitunzia templeti za zamani za kadi za harusi tu. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu nilichokisahau kabisa, kadi ya TV. Enzi za antena nilikuwa naangalizia mpira dukani kupitia kadi hiyo, wateja wanajazana hawachapi chochote, halafu mitambo ya analojia ikazimwa hapa Dar mwisho wa 2012, watu tukahamia kwenye ving'amuzi na kadi ikabaki haina kazi. Kadi ya PCI, ile ya kuchomekwa ndani ya CPU, chipu yake Bt878. Na nyuma yake, pembeni ya tundu la antena, kuna tundu la njano.

Yani tundu la njano lilikuwa limekaa pale zaidi ya miaka kumi linanisubiri mimi nihangaike na laptopu.

Nikafuta vumbi, nikawasha, ikalia ule mlio wake mmoja, XP ikaja na lile jani na kilima. Draiva ipo tayari, hakuna mtu wa kuniuliza ninaiamini au siiamini. Nikachukua waya, nyuma ya deki njano, nikachomeka kwenye njano ya kadi, nikafungua VirtualDub, programu ya kurekodi video, nikachagua PAL, nikabonyeza plei. Wale wanamieleka wakatokea na rangi zao, chupi nyekundu ni nyekundu kweli. Nilipiga kelele mpaka dada wa duka la urembo pembeni akachungulia.

Sauti sasa. Ile kadi inapokea picha tu kwenye tundu hilo, sauti unaipeleka mwenyewe kwenye kadi ya sauti ya kompyuta. Deki ya mama ni mono, nyuma ina tundu moja jeupe tu la sauti, hakuna jekundu, msitafute. Nikapata waya wenye kichwa cha RCA, kile cha kuingia kwenye tundu jeupe la deki, huku na kichwa cha hedifoni kule, nikaja nyuma ya CPU kuna matundu matatu, waridi, bluu, kijani. Nikachomeka kwenye waridi kwa sababu nilisharekodia maiki hapo zamani. Sauti ikaja kama mtu anaongea ndani ya pipa huku anakula karanga. Waridi ni ya maiki, inategemea sauti ndogo sana na inaikuza, sasa deki inatoa sauti kubwa ikikuzwa tena inapasuka. Bluu ndo yenyewe. Nikahamia bluu, kimya. Unaingia kwenye alama ya spika, sehemu ya kurekodi siyo ile ya kusikilizia, unatiki Line In, ndo hiyo bluu. Ikaja safi. Ya sikio la kushoto tu ila safi, la kulia nilikuja kulikopia baadaye.

Kulikuwa na mvumo pia, ule mmm wa umeme, nikauondoa kwa kuchomeka deki na kompyuta kwenye ekstensheni moja badala ya soketi mbili za kuta mbili. Sina maelezo marefu, ulikata.

Nikaanza kurekodi dakika tano za mieleka kama jaribio. VirtualDub pembeni ina kitu kinahesabu picha zilizodondoka, yani zile ambazo kompyuta imeshindwa kuziwahi, na yangu ilikuwa inahesabu kama mita ya teksi. Picha inaruka, mtu ananyanyua mkono, mkono unafika kabla haujaondoka. Prosesa iko asilimia mia. Nikasema ndo basi, mashine imezeeka. Nikazima antivairasi, bado. Nikapunguza rangi za skrini, bado. Ikabidi nimpigie kijana mmoja aliyewahi kunifanyia kazi dukani, siku hizi yuko kwenye ofisi kubwa za watu, akaniuliza swali moja tu, "Bosi, diski iko DMA au PIO?"

Sikujua hata anaongea nini. Akanielekeza, Device Manager, zile chaneli za IDE, yani njia za diski, sehemu ya edivansi. Imeandikwa PIO. Akacheka. Alivyonieleza ni hivi, kwenye DMA diski inabadilishana data na memori moja kwa moja na prosesa inaendelea na shughuli zake, kwenye PIO prosesa yenyewe ndo inabeba kila tofali kwa mkono kutoka kwenye gari mpaka kwenye nyumba, sasa utamjengesha na kuta saa ngapi. Na XP ina tabia moja, diski ikikosea kosea mara kadhaa inaishusha kimyakimya mpaka PIO na haikwambii na haiipandishi tena. Dawa yake unaifuta ile chaneli humo humo, unazima unawasha, XP inaiona kama mgeni na kuanza nayo upya. Nikafanya, na nikabadilisha na ule waya mpana wa diski maana ulikuwa umechoka. Prosesa ikashuka chini ya nusu, picha zilizodondoka sifuri. Sifuri! Sijui ilikuwa inabeba matofali tangu mwaka gani maskini.

Jumapili asubuhi nikafunga mlango wa duka nusu, nikaweka mkanda wa kwanza wa harusi. Kabla ya kuucheza nikaupeleka mbele mpaka mwisho na kuurudisha wote, kanda ikikaa miaka bila kuguswa inajibana, ukiikurupusha inaweza kukatika. Nikatumia Huffyuv ambayo inabana video bila kupoteza kitu, inakula karibu nusu ya nafasi ya video isiyobanwa, na isiyobanwa kwa saizi ya 720 kwa 576 ni giga 75 kwa saa moja, kwa hiyo pigeni hesabu wenyewe. Nilikuwa na diski ya pili, ya mtumba, giga 160. Nikabonyeza rekodi, nikaenda kunywa chai.

Kurudi, imesimama. Dakika saba. Nikadhani umeme, nikadhani mkanda, nikarudisha nikaanza tena, dakika saba na sekunde kadhaa inasimama. Nikaangalia faili, giga nne kasoro kidogo, mara zote. Aliyekuwa na ile diski kabla yangu aliiformati FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, na FAT32 haimezi faili moja linalozidi giga 4, ikifika hapo inafunga mdomo. Hii nilijua mwenyewe, wateja wanakuja na flashi za hivyo kila siku wanashindwa kuweka muvi. Nikafungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri nikaandika convert d: /fs:ntfs ili diski ihamie mpangilio wa NTFS, nikasubiri. Mambo yakaenda.

Sasa kitu ambacho watu hawaelewi, saa moja ya mkanda ni saa moja ya kukaa pale. Hakuna kukopi kama faili, hakuna asilimia zinazokimbia. Deki inacheza kama inavyocheza siku zote na kompyuta inaandika, na wewe unakaa. Nikakaa. Feni ya Pentium inavuma kama jenereta ya mbali, na kwenye monita Tanga ya 1996 inapita. Mpiga video wetu alikuwa na ile taa ya kwenye kamera ya kuunguza watu nyusi, akaingia jikoni uani akalipiga sufuria la pilau dakika nne nzima, nimezihesabu, juu, pembeni, mvuke, mkono wa mtu unapalia makaa juu ya mfuniko, halafu akamgeukia bibi mmoja aliyekaa kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi, bibi akajifunika uso kwa upande wa kanga na sauti yake ikaingia kwenye bluu yangu safi kabisa, "Toa taa yako hiyo, nazi itachacha!" Dada wa duka la urembo alikuwa ameshaingia na kigoda chake. Mteja mmoja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho aliona mlango uko nusu akaingia, akakaa mpaka bwana harusi alipofika.

Mkanda wa pili, ile MWENDELEZO. Ukumbi. Keki imeshakatwa, watu wamekaa, msema chochote ana kipaza sauti kinachopiga mluzi. Zawadi zinaanza. Kina mama wa upande wetu kwanza, wanakuja wanacheza, masufuria kichwani, mkeka, seti ya vikombe. Mimi nimesogea mpaka pua iko kwenye kioo. Msema chochote anasema sasa tunawakaribisha mashangazi, mashangazi mko wapi, vigelegele, kamera inageuka mlangoni, na pale nyuma, nyuma ya mtu mwenye gauni la mikono ya puto, naona kona ya boksi kubwa iko kichwani kwa mtu na kitambaa cha kichwa ninachokijua kabisa, na msema chochote anasema "shangazi mtu huyo anakuja, anakuja na..."

Chwaaa. Chenga. Halafu nyasi.

Nyasi za kijani, uwanja, timu mbili zimesimama kwenye mstari, wimbo wa taifa unapigwa. Njano na bluu. Stade de France, tarehe 12 Julai 1998, fainali ya Kombe la Dunia, Brazil na Ufaransa.

Nilikaa kimya nadhani dakika nzima. Halafu nikaitoa kaseti nikaiangalia ile seloteipu. Kaseti za VHS zilikuwa na kidole cha plastiki mgongoni, ukikivunja deki inakataa kurekodi juu yake, na mpiga video yeyote mwenye akili akikukabidhi mkanda wa harusi ameshakivunja. Na mtu yeyote mwenye shida ya mkanda saa nne usiku wakati fainali inaanza anajua kwamba ukiziba lile tundu kwa seloteipu deki inadanganyika. Tulikuwa na mtu mmoja tu nyumbani wa namna hiyo. Kaka yangu, leo hii baba wa watoto watatu na mjumbe wa kamati ya shule huko Arusha.

Nikarudisha kaseti nikaendelea kurekodi. Ronaldo wa Brazil anatembea kama mtu aliyelazimishwa kuja. Dakika ya 27 kona inatoka kulia, Zidane anaruka, kichwa, goli. Wanarudia goli mara ya kwanza, mara ya pili, na katikati ya marudio picha inavunjika, chenga, na umeme ndo ulikatika hapo mtaa mzima, najua kwa sababu kaka mwenyewe siku zote anatusimulia kwamba goli la pili la Zidane alilisikia kwenye redio ya betri ya jirani. Ushahidi wake mwenyewe huo. Bila umeme kukatika usiku ule angemaliza mkanda wote.

Baada ya chenga, harusi inarudi. Zawadi zimeisha. Taarabu inapigwa, watu wanatunza, na katikati ya ukumbi shangazi anacheza, mikono mitupu, boksi hana tena. Nyuma yake kwenye meza kuu kuna kilima cha maboksi yamefungwa karatasi za maua.

Nikatengeneza kopi ndogo ya simu kwenye laptopu, nikaondoa ile mistari kama meno ya chanuo inayotokea mtu akisogea, maana VHS inakuja nusu picha nusu picha na kwenye simu inaonekana vibaya, ile kubwa nikaiacha kama ilivyo. Nikaitupia kwenye grupu la familia jioni. Dakika kumi mama akapiga.

"Mwanangu, hebu lisimamishe pale kwenye maboksi."

"Nimelisimamisha mama."

"Lile la chini kabisa si ndo lake? Sasa cherehani inaingia mle? Bapa lile!"

Kabla sijajibu simu ya pili inaita, shangazi. Shikamoo shangazi. Marahaba baba, boksi langu ni lile la kushoto lenye karatasi ya mawaridi, hebu livute karibu. Nikalivuta. Mkanda wa VHS una mipaka yake, ukivuta sana mawaridi yanakuwa ukungu wa waridi basi, huwezi kujua hata kama ni boksi au ni mtoto amevaa gauni.

Kaka alikuwa online muda wote huo, naona kabisa anaandika, anaacha, anaandika. Mwisho akatuma: "Lakini ile fainali ilikuwa nzuri."

Shangazi anataka nimtengenezee kopi yake ambayo mpira umekatwa. Mama amekataa, anasema kisikatwe kitu, kikae hivyo hivyo na kona ya boksi na Zidane na yote. Faili liko kwenye ile diski ya mtumba linaitwa harusi2_cherehani_zidane.avi, na nina mikanda sita misafi bado, miwili haina maandishi kabisa.